Get na kupata: wapi yanaachana njia

Madaftari mengi ya Kiingereza yana mstari huu: get ni kupata. Mstari huo si uongo, ila umebeba sehemu ndogo sana ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kuzungumza, get ni kati ya vitenzi vinavyosikika mara nyingi kuliko vingine, na katika matumizi yake mengi humo hutaona kupata hata ukitafuta kwa tochi. Kwa upande wa pili, kupata kwetu nako kunabeba mambo ambayo mwenye Kiingereza chake hatayasema kwa get. Makosa karibu yote ya neno hili yanatoka hapo, kwa hiyo tuanzie upande wetu, ndipo tuvuke.

Kupata ambako get halifiki

Alipata ajali. Mwanafunzi anaandika "He got an accident", na mwalimu anapitisha kalamu nyekundu bila maelezo. Maelezo ni kwamba Kiingereza hakihesabu ajali kama kitu cha kupokelewa. Ni tukio, na matukio mengi yanayompitia mtu huchukua have: "He had an accident", au "He was in an accident". Vivyo hivyo chakula cha mchana: "We had lunch at one" ni tulipata chakula cha mchana saa saba. Nilipata shida kulala ni "I had trouble sleeping", na baada ya trouble kitenzi huvaa -ing, si to. Amepata mtoto ni "She has had a baby". Ukisema "She got a baby", msikilizaji anaweza kudhani kuna mahali alikwenda akakabidhiwa mtoto.

Kisha kuna kundi la make, kwa vitu vinavyotokana na shughuli ya mtu mwenyewe. Tulipata faida, "We made a profit". Tulipata hasara, "We made a loss". Nimepata marafiki wapya, "I've made new friends". Kupata fahamu baada ya kuzimia ni "regain consciousness" kwenye ripoti ya daktari, na "come round" kwenye mazungumzo. Get halimo.

Yanapokubaliana ni pale ambapo kitu kinatoka kwingine kikakufikia: get a job, get a chance, get an answer, get permission, get a letter. Magonjwa pia yamo. "I got a cold" ni sahihi, na "I caught a cold" nayo ni sahihi, lakini catch ni ya magonjwa yanayoambukizwa. Mtu ha-catch kisukari wala saratani. Hapo ni get, au kwa lugha ya kitabibu, develop.

Jambo moja ambalo vitabu vingi huliruka ni kupata kunakofuatwa na kitenzi kingine. Sijapata kuona mtu mkaidi kama huyu. Kupata hapa kunasema kwamba jambo hilo halijawahi kutokea, basi Kiingereza chake ni "I have never seen anyone so stubborn". Kwa Kiingereza, "get to see" ni kuona kwa sababu nafasi imejitokeza, aghalabu nafasi ya kufurahisha: "In this job I get to travel" maana yake kazi hii inanipa nafasi ya kusafiri, nami napenda. Badilisha get iwe have, "I have to travel", na furaha yote inageuka kuwa wajibu. Herufi chache tu, lakini mwajiri akisikia moja badala ya nyingine kwenye usaili, atakuwa amesikia mtu tofauti.

Nimechoka si "I have tired"

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ukipashika, nusu ya get imekwisha.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa karibu kila hali inayomjia mtu: choka, kasirika, lowa, potea, lewa, zeeka, nenepa, konda, kwama, umia, pona. Kiingereza mara nyingi hakina kitenzi cha namna hiyo. Kinachukua kivumishi na kukitanguliza get: get tired, get angry, get wet, get lost, get drunk, get old, get fat, get thin, get stuck, get hurt, get well. Get hapa ni kuingia katika hali. Ni mlango tu. Ukishaingia, get linaondoka na nafasi yake inachukuliwa na be.

Sasa weka nyakati. Nimechoka inasema kwamba tayari niko ndani ya hali hiyo, basi ni "I am tired". Anayeandika "I have tired" amefasiri -me- kuwa have, jambo ambalo kwa vitenzi kama kula au kuandika lingekubalika. Kwa vitenzi vya hali, -me- ni be. Amepotea, "He is lost". Wamelewa, "They are drunk". Gari limekwama, "The car is stuck".

-na- inaonyesha kwamba mtu bado anaelekea huko: ninachoka ni "I'm getting tired", nalowa ni "I'm getting wet". -li- ni wakati wa kuingia: tulipotea ni "We got lost". Na pale tunaposema tulikuwa tumepotea, Kiingereza kinarudi kwenye be, "We were lost". Si "We had been lost", ingawa vitenzi viwili vya Kiswahili vinashawishi mtu aandike hivyo. Hu- ya mazoea: huchoka haraka, "She gets tired quickly". Wakati ujao: utalowa, "You'll get wet". Sharti: ukipotea, nipigie, "If you get lost, call me". Katazo: usikasirike, "Don't get angry". Na sijachoka ni "I'm not tired yet".

Ndoa inafuata mkondo huohuo. Ameoa au ameolewa, yote mawili ni "is married", kwa sababu Kiingereza hakibagui upande wa mume na upande wa mke. Aliolewa 2019 ni "She got married in 2019". Kosa la kawaida ni kuandika "married with", kwa kuwa kwetu ni kuoana na mtu fulani. Kiingereza ni married to. Maneno "married with" yapo, lakini yanaendelea kwingine: "He is married with two children" maana yake ana mke na watoto wawili. Ukiandika "She is married with a teacher", msomaji anabaki akisubiri mwisho wa sentensi.

Kwa hali inayozidi, get linachukua kivumishi cha kulinganisha. Baridi inazidi, "It's getting colder". Hali inazidi kuwa mbaya, "Things are getting worse". Hapa "getting more bad" ni kosa, na "getting bad" peke yake inapoteza ile kuzidi.

Si kila hali inaingilia mlango wa get, hata hivyo. Usingizi una wake: fall asleep, kamwe si get asleep, ingawa "get to sleep" kwa maana ya kufanikiwa kulala inasemwa. Kuugua ni fall ill kwa lugha ya heshima, get sick kwa lugha ya kawaida. Kuharibika kunapendelea go: food goes bad, mtu goes blind, goes deaf, goes bald, goes mad. Rangi na umri vinapendelea turn: uso ukawa mwekundu ni "His face turned red", na anayetimiza miaka thelathini "turns thirty". Grow ni ya polepole na ina ladha ya kitabu kidogo, kama katika "grow old". Na pale panapofuata nomino badala ya kivumishi, get linakatazwa kabisa. Anataka kuwa daktari ni "He wants to become a doctor". Ukisema "He wants to get a doctor", umesema anataka kumwita daktari, na kama kuna mtu anaumwa karibu, watu watakimbia.

Get la kufanyiwa na la kufanyisha

Badala ya be, get linaweza kubeba kauli ya kutendwa: "He got fired", alifukuzwa kazi, "I got paid", nililipwa, "She got arrested", alikamatwa. Ni lugha ya mdomo, na inapenda mambo ya balaa au ya bahati yanayomwangukia mtu. Ripoti na barua zinataka was: "He was dismissed". Vitenzi vya kujua, kupenda na kuamini havikai na get la namna hii. "The answer got known" haisemwi.

La kufanyisha lina sura mbili, na ni lazima zitenganishwe. Sura ya kwanza ni get, kitu, halafu umbo la tatu la kitenzi: "I got my hair cut", "We got the roof repaired". Kiswahili kinaniruhusu niseme nimenyoa nywele bila kutaja nani alishika mashine. "I cut my hair" inaelekea kusema umejikata mwenyewe kwa mkono wako. Basi kwa kazi yoyote uliyomlipa au kumwomba mtu mwingine aifanye, tumia "got it done" au "had it done". Zote mbili ni sawa, ya pili ni rasmi kidogo.

Sura ya pili ni get, mtu, to na kitenzi: "I got him to sign". To hiyo ni ya lazima. Ukiiacha, "I got him sign", sentensi imevunjika. Make, have na let zenyewe hazitaki to: "I made him sign", "I had him sign", "I let him sign". Na hizi nne si visawe hata kidogo. Made ni nilimlazimisha. Had ni nilimwagiza, kwa kuwa ana wajibu wa kunitii. Let ni nilimruhusu. Got ni nilimshawishi, kulikuwa na ubishi au uzito kwanza. Kiambishi chetu cha -isha hakisemi lipi kati ya hayo lilitokea. Nilimsainisha inaweza kuwa ushawishi au nguvu. Unapofasiri, amua kwanza kilichotokea, kisha chagua kitenzi.

Kufika, kupanda, kuamka

Get likifuatwa na mahali ni kufika. "What time did you get here?" Home, here na there hazichukui to: get home, get here, get there. Mahali pengine panachukua: get to school, get to the office. Visawe vyake vina tabia tofauti. Arrive inachukua at kwa jengo au kituo, in kwa mji au nchi, na haichukui to hata siku moja. Reach haichukui kihusishi chochote: "We reached the station". "Reach to the station" na "arrive to the station" ni makosa mawili ndugu.

Kupanda chombo kuna siri moja ndogo. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia juu, ni get on na get off: basi, treni, ndege, meli, baiskeli, pikipiki, farasi. Chombo kinachokulazimu uiname na kukaa moja kwa moja ni get in na get out of: gari dogo, teksi, mtumbwi. Kushuka kwenye teksi kwa kusema "get off the taxi" kunaeleweka, ila kunamweka abiria juu ya paa.

Kuamka kwetu ni kumoja, kwao ni kuwili. Wake up ni kufumbua macho, get up ni kuondoka kitandani. Mtu anaweza ku-wake up saa kumi na moja na ku-get up saa mbili.

Na kuzoea: "I'm getting used to waking up early", naanza kuzoea kuamka mapema. Baada ya used to hii kitenzi huvaa -ing. Ondoa 'm getting na -ing, ubaki na "I used to wake up early", na maana imegeuka: zamani nilikuwa naamka mapema, siku hizi siamki.

Visawe, na kila kimoja kinakogoma

Ushauri wa kuondoa kila get kwenye maandishi rasmi unatolewa kwa urahisi mno. Ni kweli kwamba "I got your letter" kwenye barua ya ofisi inasikika legevu, na "I received your letter" ni bora. Lakini "I obtained some bread" ni kichekesho, kwa sababu obtain inadai juhudi au utaratibu: kibali, taarifa, saini ya mkubwa. Kuna pia sababu ya kisarufi ya kuwa na visawe: get lenye maana ya kupokea halikubali kutendwa vizuri. "The letter was got yesterday" haiandikwi, ni lazima "was received".

Receive ni kukaa na kitu kikakujia. Ndiyo maana "I received a job" ni kosa na "I received a job offer" ni sahihi: ofa inakujia, kazi unaikubali. Kupokea simu, hata hivyo, si receive. Ni "answer the phone".

Acquire ni ya vitu vinavyobaki nawe na kuongeza ulichonacho, kama lugha, ujuzi, ardhi, au kampuni inayonunua kampuni nyingine. Gain inataka kitu kinachopanda kwa kipimo: gain weight, gain experience, gain confidence. Earn ni ya jasho au stahili: mshahara, heshima. Secure ni kupata baada ya kugombea, kama mkopo au mkataba. Fetch ni kwenda, kuchukua na kurudi nacho, yaani safari mbili katika neno moja, wakati "Get me some water" haijali maji yako wapi.

Win inahitaji tahadhari kwa sababu ya kushinda kwetu. Unashinda mechi, zawadi, uchaguzi: win the match, win a prize, win the election. Lakini mtu au timu huwezi ku-win. Tuliwashinda ni "We beat them", na "We won them" inasikika kana kwamba wao ndio walikuwa zawadi.

Got, gotten na majibu mafupi

"I've got two brothers" ni sawa na "I have two brothers". Got hapa haina wakati uliopita ndani yake. Kikwazo ni pale mtu anapochanganya mifumo miwili: "I don't have got" haipo. Chagua "I haven't got" au "I don't have". Na wakati uliopita wa umiliki huu ni had peke yake: "I had two cars", si "I had got two cars". "Have got to" ni lazima, na mdomoni inakuwa gotta, ambayo haina nafasi kwenye barua ya kuomba kazi.

Neno lenyewe liliingia Kiingereza kutoka lugha ya Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia, likakuta jamaa zake wamo tayari, ndiyo maana forget inafanana nalo. Umbo la gotten ni la zamani. Uingereza imeliacha, isipokuwa katika neno kama ill-gotten, mali ya haramu. Marekani inalo, tena inalitumia kutofautisha: "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimeshapata gari. Kwa anayefanya mtihani wa mfumo wa Uingereza, andika got. Na getting ina t mbili kila mahali.

Kwa kuelewa, lugha hizi mbili zinakutana vizuri: nakupata ni "I get you", na sielewi kitu hapa ni "I don't get it". Kwenye simu zinaachana. Sikupati vizuri, sauti inakatika, ni "I can't hear you" au "You're breaking up". Ukisema "I don't get you", mwenzako ataanza kukueleza hoja yake upya wakati wewe unahitaji asogee penye mtandao. "Got it" ni sawa, nimeelewa. "I'll get it", simu ikilia au mlango ukibishwa, ni acha nikapokee, acha nikafungue. "You've got me there" ni hapo umenibana, sina jibu. Na "Get lost!", pamoja na kwamba ina lost ndani yake, haimwambii mtu apotee njia. Inamwambia aondoke, na kwa ukali kuliko wanaoanza kujifunza wanavyodhani.